Naibu wa Waziri na Neno Lake: Sir Edward Grey, Uganda na Mto Naili, 1892–1895

Miongoni mwa istilahi za serikali ambazo wanafunzi wetu huzikariri pasi na kuzipima, istilahi ya "naibu waziri" ni mojawapo. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu kwa wepesi kwamba huyo ni msaidizi wa waziri. Mwalimu humpa alama zake, na somo huendelea. Lakini msaidizi huyo husaidia nini hasa? Ana amri gani? Akitamka neno hadharani, je, neno hilo ni lake, ni la waziri wake, au ni la serikali nzima? Katika makala haya nakusudia kulitazama swali hilo kwa kufuata habari za mtu mmoja, Sir Edward Grey, aliyekuwa naibu katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza tangu Agosti 1892 hadi Juni 1895. Nimemchagua yeye kwa kuwa kazi yake iliigusa nchi yetu ya Uganda moja kwa moja, na kwa kuwa sentensi moja aliyoitamka bungeni ilikaribia, miaka mitatu baadaye, kuzitumbukiza dola mbili kubwa vitani.

Kwanza tuyaweke maneno yenyewe mahali pake. Waziri, naibu na katibu ni maneno matatu tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na kila moja lina kazi yake: waziri hubeba mzigo wa utawala, naibu hushika mahali pa mwingine, na katibu huandika. Waingereza hawakugawanya hivyo. Yule tunayemwita waziri wa mambo ya nje, kwao jina la cheo chake ni la ukatibu. Naibu wake wa kisiasa ni katibu wa chini. Na mtumishi mkuu wa wizara, ambaye si mwanasiasa na habadiliki serikali inapobadilika, naye pia ni katibu wa chini, ila wa kudumu. Mfasiri anayekwenda neno kwa neno ataikuta ofisi moja ina makatibu watatu, na msomaji wake hatajua nani ni nani. Hata sisi kwa sisi mambo hayafanani. Tanzania Bara, Waziri wa Nchi ni waziri kamili anayeketi katika Baraza la Mawaziri. Hapa Uganda, cheo hicho hicho ni cha yule ambaye ng'ambo ya mpaka wangemwita naibu waziri. Na Kenya, kabla ya katiba ya mwaka 2010, walikuwa na mawaziri wasaidizi. Mwalimu anayesomesha habari za magazeti hana budi kumwonya mwanafunzi wake kuhusu jambo hili. Katika makala haya nitamwita Grey "naibu", na yule mtumishi wa kudumu nitamwita "katibu mkuu", kama tulivyozoea.

Sasa, kwa nini naibu alikuwa na uzito katika Uingereza ya wakati ule? Sababu yake ni ndogo kuitaja, ila matokeo yake yalikuwa makubwa. Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili, la Malodi na lile ambalo magazeti yetu ya zamani yaliliita Baraza la Makabwela. (Jina hili la pili lisimpoteze mtu: katika karne ya 19 "makabwela" wengi wa baraza hilo walikuwa wenye mashamba na wenye viwanda.) Waziri aliweza kusema katika baraza lake tu. Aliyekuwa Lodi hakuwa na ruhusa ya kuingia kwa Makabwela akajibu maswali. Ilhali tangu Desemba 1868 hadi Desemba 1905, kwa muda wa miaka 37, kila waziri wa mambo ya nje wa Uingereza alikuwa Lodi, awe wa chama hiki au kile. Kwa hiyo, mbele ya wawakilishi waliochaguliwa na kushika funguo za hazina, sauti ya Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa ya naibu. Mtu huyu hakuwa mmoja wa wajumbe wa Baraza la Mawaziri. Hakuamua sera. Barua za mabalozi alizisoma, lakini siri nyingine za wakubwa hakuambiwa. Hata hivyo yeye ndiye aliyesimama na kujibu.

Grey alikuwa na umri wa miaka 30 alipopewa kazi hiyo. Alikuwa ameingia bungeni mwaka 1885 kama mbunge wa Berwick, akiwa mrithi wa shamba na cheo cha babu yake huko Northumberland. Walimu wenzangu watafurahi kusikia kwamba mwaka 1884 Chuo cha Balliol huko Oxford kilimfukuza kwa uvivu. Alirudi kufanya mtihani akapata daraja la tatu, na mwaka 1928 Chuo Kikuu hicho hicho kikamchagua kuwa Mkuu wake. Alipenda zaidi ndege wa porini na uvuvi wa ndoana kuliko karamu za mabalozi, na Kifaransa, lugha ya diplomasia ya wakati ule, kilimshinda. Waziri wake wa kwanza alikuwa Lodi Rosebery. Mwezi Machi 1894 Rosebery akawa Waziri Mkuu, na wizara ikachukuliwa na Lodi Kimberley.

Mzigo wa kwanza alioukuta mezani ulikuwa Uganda. Kwa mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, nchi yetu ilihesabiwa kuwa katika eneo la Waingereza, bila ya wenyewe kuulizwa. Utawala haukuwa wa serikali bali wa kampuni ya biashara, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Mjumbe wake, Kapteni Frederick Lugard, alifika Kampala Desemba 1890 na mwezi huo huo akamtia Kabaka Mwanga katika mkataba. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana Mengo, na bunduki za Lugard zikawapa ushindi Waprotestanti. Lakini ushindi haukujaza mfuko wa kampuni. Ilikuwa imekwisha filisika. Mwishoni mwa mwaka 1891 wafuasi wa Church Missionary Society walikuwa wamechanga fedha ili isiondoke mara moja. Sasa ilitangaza kwamba mwisho wa mwaka 1892 itafunga virago.

Hapo ndipo serikali mpya ya Waziri Mkuu Gladstone, mzee wa miaka 82, ilipogawanyika. Gladstone na Waziri wa Fedha, Sir William Harcourt, hawakutaka kabisa mzigo mwingine wa Kiafrika. Rosebery alitaka Uganda ishikwe, na aliweka wazi kwamba asiposikilizwa hatabaki serikalini. Lugard alirudi Uingereza akazunguka mijini akihutubia, na wenye makanisa na wafanyabiashara wakapeleka maombi kwa wingi. Mwishowe mawaziri walifanya kile wanachofanya watu wasiopatana: waliahirisha. Kampuni ilipewa fedha ibaki mpaka tarehe 31 Machi 1893, na Sir Gerald Portal, aliyekuwa Konsuli Mkuu Unguja, akatumwa kwenda kuitazama nchi na kutoa ushauri.

Mwenye kudhani kwamba kuahirisha ni kupumzika, na amfikirie naibu. Kila juma maswali yaliletwa kwa maandishi: Je, serikali itaondoka Uganda au haiondoki? Wamisionari watalindwa na nani? Fedha zinatoka wapi? Aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa Henry Labouchere, wa chama cha Grey mwenyewe, aliyeichukia biashara yote ya kutwaa nchi Afrika na ambaye ulimi wake ulikuwa kama wembe. Watumishi wa wizara waliandika rasimu ya jibu, waziri akaipitia, na naibu akaisoma. Kazi haikuwa kusoma tu, bali kusoma namna ambavyo Gladstone asingeona kwamba Rosebery ameshinda, wala Rosebery asingeona kwamba Gladstone ameshinda. Grey mwenyewe alikuwa upande wa Rosebery. Hakuruhusiwa kusema hivyo. Alijifunza basi kusema maneno mengi yenye maana ndogo, na wanaofahamu mambo ya bunge wanakiri kwamba aliifanya kazi hiyo vizuri mno, kwa sauti ya utulivu iliyowafanya wasikilizaji waamini kwamba kuna jambo kubwa limefichwa chini yake.

Portal aliondoka Unguja tarehe 1 Januari 1893, akapanda bara kutoka Mombasa pamoja na wapagazi wa Unguja, na akafika Kampala katikati ya Machi. Tarehe 1 Aprili bendera ya kampuni ilikwisha teremshwa na ya Uingereza ikapandishwa. Tazama jambo hili: Mjumbe aliyetumwa kutazama tu alikuwa amepandisha bendera, na kuishusha bendera ni kazi ngumu kuliko kuipandisha. Portal hakuishi kuona mwisho wa shauri lake; alifariki London Januari 1894, akiwa na umri wa miaka 35. Taarifa yake ilichapishwa Aprili, na mwezi huo serikali ikatangaza kwamba Uganda itakuwa himaya ya Uingereza. Tangazo rasmi lilitolewa tarehe 18 Juni 1894. Himaya hiyo haikuwekwa chini ya Wizara ya Makoloni, bali chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, ikakaa humo mpaka mwaka 1905. Yaani, kwa miaka zaidi ya kumi, mtu wa Buganda au Busoga alitawaliwa na ofisi ile ile iliyoshughulikia barua za Paris na Berlin, na habari zake zilijibiwa bungeni na naibu wa ofisi hiyo.

Lakini kwa nini Uganda ilitakiwa kwa nguvu kiasi hicho? Wamisionari walisema dini. Wafanyabiashara walisema pembe na pamba. Wakuu wa wizara walisema maji. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, na Misri ni Naili. Mwaka 1893 mhandisi Mfaransa aitwaye Victor Prompt alitoa mhadhara huko Cairo akieleza namna mabwawa ya Naili ya juu yanavyoweza kuinyima Misri maji au kuigharikisha. Kama jambo hilo liliwezekana kwa ufundi wa siku zile ni mjadala mwingine. Linalotuhusu ni kwamba watu wa London na wa Paris waliliamini. Baina ya Uganda na Misri palikuwa na dola ya Khalifa Abdallahi, mrithi wa Mahdi wa Sudan, iliyokuwa imewafukuza Wamisri na Waingereza tangu 1885. Katika ramani za London nchi hiyo iliitwa eneo la Misri lililoasi. Katika ramani za Paris iliitwa nchi isiyo na mwenyewe. Wenyewe walikuwapo.

Mei 1894 Rosebery na Kimberley walijaribu hila. Walifanya mkataba na Mfalme Leopold, mwenye Dola ya Kongo, wakamkodisha sehemu za Bahr el Ghazal ili asimame yeye mlangoni Wafaransa wasipite; naye akawapa Waingereza ukanda wa ardhi wa kilomita 25 kuanzia Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipinga kuhusu ukanda, nao ukafutwa mwezi Juni. Wafaransa walimbana Leopold, naye Agosti akakubali kutokalia sehemu kubwa ya kile alichokodishwa. Mlango ukabaki wazi. Mapema mwaka 1895 uvumi ulienea kwamba msafara wa Kifaransa unatoka Afrika Magharibi kuelekea Naili.

Tumefika tarehe 28 Machi 1895. Wabunge walikuwa wakijadili matumizi ya Wizara ya Mambo ya Nje. Kabla ya hapo Grey alikwenda kwa Kimberley kuuliza atumie lugha gani, kwa maana alijua kwamba ugomvi wa Waingereza na Wafaransa huko Niger, Afrika Magharibi, utaletwa mezani. Kimberley akamruhusu atumie maneno ya uthabiti. Lakini wabunge walipoanza, Sir Ellis Ashmead-Bartlett wa upinzani aliuliza zaidi habari za Naili. Grey aliyachukua maneno ya uthabiti aliyopewa kwa ajili ya Niger, akayahamishia Naili. Alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1925 kwamba ndivyo alivyofanya, na kwamba huko Naili aliona haki ya Uingereza ilikuwa na nguvu zaidi. Aliliambia Baraza kwamba hausadiki uvumi ule. Kwamba msafara wa Kifaransa uliopewa maagizo ya siri, utokao upande wa pili wa Afrika ukaingia katika eneo ambalo madai ya Uingereza juu yake yanajulikana siku nyingi, usingekuwa tu jambo la kushangaza. Ufaransa inapaswa kujua fika kwamba ungekuwa kitendo kisicho cha kirafiki, na kwamba Uingereza ingeutazama hivyo.

Naomba ndugu walimu wasimame kidogo hapa, maana hapa ndipo pana somo la lugha. "Kitendo kisicho cha kirafiki": ukiyasikia maneno haya kwa sikio la kawaida, ni maneno baridi. Jirani akikataa kukuazima jembe, hicho ni kitendo kisicho cha kirafiki, na kesho yake mtasalimiana. Lakini katika lugha ya mabalozi, maneno hayo ni ngazi ya mwisho kabla ya bunduki. Dola inayoyatumia inasema: tukitendewa hili, hatutakuwa na wajibu tena wa kukuhesabu rafiki, na utakayoyaona usiseme hukuonywa. Tufasiri vipi basi? Tukiandika "kitendo cha uadui" tumepita mpaka, kwa kuwa msemaji aliepuka neno la uadui kwa makusudi, ili kumwachia mwenzake nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. Tukibaki na "kisicho cha kirafiki" bila maelezo, msomaji wetu hataelewa kwa nini Paris ilitikisika. Kiswahili kinaijua sana njia hii ya kukanusha ili kuongeza uzito. Tunasema "si haba" tukimaanisha ni kingi. Tunasema "si mchezo" tukimaanisha ni kazi ya jasho. Kwa maoni yangu, mfasiri ayaache maneno kama yalivyo na aongeze sentensi moja ya kueleza kiwango chake katika diplomasia. Sentensi moja haiharibu tafsiri.

Serikali nayo ilitikisika. Harcourt, ambaye ndiye aliyeliongoza Baraza la Makabwela kwa niaba ya serikali, alikasirika kupita kiasi, na John Morley pamoja naye. Walisema, na kwa haki, kwamba Baraza la Mawaziri halijawahi kukubali tamko kama hilo, na kwamba kijana asiyekuwamo katika Baraza hilo amewafunga wakubwa wake mikono. Kimberley akajaribu kuyapunguza makali ya maneno alipozungumza na Balozi wa Ufaransa. Lakini Rosebery, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliyapenda. Hakuna aliyediriki kumfanya Grey ayafute hadharani, kwa kuwa kuyafuta kungekuwa ni kuwaambia Wafaransa: piteni. Tarehe 5 Aprili Gabriel Hanotaux, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, alijibu katika Seneti yao kwa lugha ya upole, akikanusha kwamba madai ya Uingereza yalikuwa yamekubaliwa na mtu yeyote. Kwa hiyo neno la naibu likawa neno la dola kwa njia ya pekee sana: hakuna aliyeliamuru, wala hakuna aliyeweza kulikana.

Wapo wanaoandika kwamba Grey aliropoka. Mimi siafiki. Mtu aliyekaa miaka mitatu akipima maneno juu ya Uganda, asimpe Labouchere hata upenyo, haropoki siku moja. Nadhani alijua kwamba nafasi ya naibu ina siri yake: kwa kuwa ni mdogo, serikali inaweza kumkana, na kwa kuwa inaweza kumkana, anathubutu kusema ambayo waziri hathubutu. Hilo ni kamari, na halikosi mwenye kulipa.

Kuna njia nyingine aliyonayo naibu, nayo ni kuondoka. Hiyo ilifuatwa na Anthony Nutting, Waziri wa Nchi katika wizara hiyo hiyo, juu ya mto huo huo ila upande wa bahari. Mwaka 1954 yeye ndiye aliyetia sahihi huko Cairo mkataba wa kuwaondoa askari wa Kiingereza katika eneo la Mfereji wa Suez. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu Eden alipatana kwa siri na Ufaransa na Israeli kuishambulia Misri. Nutting alikuwa akiyajua hayo. Tarehe 31 Oktoba 1956 alijiuzulu, akiwa na umri wa miaka 36. Hakutoa hotuba ya kujieleza bungeni, akaacha na kiti chake cha ubunge, na alisubiri mpaka 1967 ndipo akachapisha kitabu cha kueleza. Kwa naibu asiye na kura katika Baraza la Mawaziri, kiti chake ndicho kitu pekee anachoweza kukitupa mezani.

Turudi kwa Grey. Juni 1895 serikali yao ilianguka, na Lodi Salisbury akashika uwaziri mkuu pamoja na mambo ya nje. Kwa kuwa naye alikuwa Lodi, naibu wake katika Baraza la Makabwela alikuwa George Curzon, mwenye umri wa miaka 36. Huyu ndiye aliyeutetea mswada wa reli ya Uganda mwaka 1896, pauni milioni 3 zilipoidhinishwa, ambazo baadaye zilizidi milioni 5 kabla ya kazi kumalizika. Labouchere aliicheka reli hiyo kwa beti, na jina la reli ya wendawazimu likaganda hadi leo. Huyu pia ndiye aliyeulizwa habari za utumwa wa Unguja na Pemba, na za vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896. Salisbury hakupenda kelele za Grey; lakini mwezi Desemba 1897 alimwagiza balozi wake Paris awaarifu Wafaransa kwamba serikali ya sasa inashika maneno yale yale yaliyotamkwa na serikali iliyopita. Deni lilikuwa limerithiwa.

Walioanza kulilipa walikuwa watu wa kwetu. Mwaka 1897 Meja Macdonald alipewa msafara ambao, kwa tangazo la hadharani, ulikwenda kuchunguza chemchemi za mto Juba. Lengo lenyewe lilikuwa kufika Naili ya juu kabla ya Wafaransa. Alipewa askari wa Kisudani wa Uganda, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambao Lugard aliwaleta kutoka karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Watu hao walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha. Mshahara wao ulikuwa mdogo na wa kuchelewa. Na sasa waliamriwa kwenda mbali wasikokujua, wakiziacha jamaa zao. Mwezi Septemba waliasi huko Eldama Ravine. Waliingia Busoga wakajifungia katika boma la Luba, na tarehe 19 Oktoba wakawaua maofisa watatu wa Kiingereza waliokuwa mikononi mwao. Boma lilizingirwa mpaka Januari 1898. Wengi walikufa pande zote, Waganda, Wasudani na Waswahili wa misafara, kwa ajili ya mashindano ambayo wengi wao hawakupata kuyasikia. Walionusurika na wale waliobaki watiifu ndio baadhi ya mababu wa Wanubi wa Uganda, na Kinubi chao, Kiarabu kilichokua kambini, kingali kinasemwa Bombo na kwingineko. Ajuaye Kiswahili akikisikiliza Kinubi atakuta maneno mengi anayoyafahamu.

Macdonald hakufika Fashoda. Aliyefika, tarehe 10 Julai 1898, ni Kapteni Marchand wa Ufaransa, baada ya safari ya karibu miaka miwili kutoka pwani ya Atlantiki. Mji huo wa Washiluk leo huitwa Kodok, nao uko Sudan Kusini. Tarehe 19 Septemba Jenerali Kitchener alitokea kwa mashua kutoka Omdurman, ambako majuma mawili nyuma alikuwa ameliangamiza jeshi la Khalifa. Wawili hao walisalimiana kwa adabu, na kila mmoja akakataa kuondoka. Kwa majuma kadhaa London na Paris zilitayarisha manowari, na Waingereza walipoulizwa wanasimama juu ya nini, walisoma upya maneno ya tarehe 28 Machi 1895. Mwanzoni mwa Novemba Ufaransa iliamua kuondoka, na mwezi Machi 1899 zikagawana bonde kwa mkataba. Washiluk hawakutajwa kama wenye kauli. Aprili mwaka huo Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega walikamatwa pamoja huko Lango, wakapelekwa Shelisheli, na Mwanga akafia huko mwaka 1903.

Desemba 1905 Grey alirudi katika wizara yake ya zamani, safari hii akiwa waziri kamili, na akakaa humo miaka 11 mfululizo. Alikuwa waziri wa kwanza wa mambo ya nje tangu 1868 kuketi katika Baraza la Makabwela, kwa hiyo naibu wake, Edmond Fitzmaurice, alipewa ulodi ili asemee wizara upande wa pili. Lakini Uganda hakuikuta. Tangu Aprili mwaka huo ilikuwa imehamishiwa Wizara ya Makoloni, ambako waziri, Lodi Elgin, hakuweza kusimama mbele ya Makabwela. Na maswali juu ya nchi yetu yakaanza kujibiwa na naibu mwingine, kijana wa miaka 31 aitwaye Winston Churchill, ambaye mwaka 1907 alipanda treni Mombasa akaja kuitazama mwenyewe.